Msimu gani mzuri wa safari Zambia? Mimi nilimpeleka Mama Novemba, haya ndiyo yaliyotukuta

Wakuu, hodi humu ndani.

Mimi ni msomaji kuliko mwandishi. Niko Likasi, Katanga, Congo. Kiswahili cha kuandika nimejifunzia humu humu kwenu, kwa hiyo mkikuta kimepinda mahali, kinyoosheni kimya kimya, msinicheke sana.

Nitakayosema ni kweli tupu. Sitatia chumvi, iliyomo inatosha.

Kila mwaka naona uzi wa "msimu gani mzuri kwenda safari kusini mwa Afrika". Majibu huwa yale yale: nenda kiangazi, majani yamekauka, wanyama wanajikusanya kwenye maji, unawaona bila kuhangaika. Ni majibu sahihi kabisa. Mimi mwenyewe niliuliza, nikajibiwa vizuri, nikashukuru.

Halafu nikaenda nikavunja ndoa ya wazazi wangu, na mmoja wao alikuwa ameshazikwa.

Ngoja niende taratibu.

Marehemu Baba alikuwa dereva wa malori makubwa. Alibeba shaba ya huku kwetu kuipeleka kusini, mpaka bandarini Durban, anarudi na bidhaa. Enzi hizo daraja la Kazungula halijajengwa. Malori yanapanga foleni kusubiri pantoni ya kuvuka Zambezi, na foleni yenyewe haina adabu, unakaa pale mpaka unafahamiana na mbwa wa eneo lile. Madereva wakichoka walikuwa wanageuka kwenda Livingstone kunyoosha miguu, si mbali.

Livingstone ndiko matata yalikozaliwa.

Baba alikuwa akirudi nyumbani amechelewa, na ndani ya begi lake kuna shati bichi kwenye mfuko wa plastiki, limeshaanza kunuka uvundo. Mama anauliza: shati limelowaje, na huu ni mwezi wa tano, mvua ilishakwisha? Baba anajibu kwamba alipita kwenye maporomoko ya maji, na kule mvua inatoka chini inapanda juu. Jua linawaka, wingu hakuna, wewe unalowa.

Sasa jiwekeni kwenye nafasi ya Mama.

Mume amechelewa. Dereva mwenzake ameshapenyeza maneno kwamba Livingstone kuna mwanamke anamfulia nguo. Na hilo shati ni bichi, kana kwamba limefuliwa na kufungwa kabla halijakauka. Halafu mume anakuletea habari za mvua inayotoka ardhini.

Kwetu Katanga uongo tunauita bongo. Wabongo msinune, neno nimelikuta. Mama alikuwa anamwambia, "Weye, ile mvua yako iko bongo. Bibi yako wa Livingstone njo anafulaka hii shati."

Bibi kwetu ni mwanamke au mke, na njo ni ndiye. Majirani walicheka. Sisi watoto tulicheka. Baba naye alicheka, ila alikuwa wa kwanza kunyamaza.

Walikaa hivyo miaka na miaka. Si kwamba hawakupendana. Mama alimpikia, alimfulia, alimwombea misa kila lori lilipotoka. Lakini lile shati halikuisha ndani ya nyumba. Wakigombana kwa ajili ya chumvi, dakika chache baadaye wapo Livingstone.

Baba alipolala kitandani mara ya mwisho, kifua kimembana, mimi ndiye niliyemshikia kikombe. Kwa hiyo haya sikuhadithiwa. Alimwambia Mama, "Siku moja utaenda kuona ile mayi. Ukikuta iko bongo, basi ingine yote ilikuwa bongo. Ukikuta iko kweli, ujue sikukuwaka na bibi mwingine."

Mama alimfuta jasho.

Tulimzika hapa Likasi, na kama alivyotaka mwenyewe tuliacha nafasi pembeni yake kwa ajili ya Mama.

Tangu hapo Mama akabaki na ile safari kichwani. Si mtu wa kuomba kitu. Ila mnaweza kuwa mnakula bukari, yaani ugali, mazungumzo ni ya bei ya unga, mara anauliza, "Sasa ile mayi, iko kweli?" Halafu anaendelea kula.

Mimi ni mfanyabiashara wa unga wa mahindi, na mwingi unatoka Zambia. Mpaka naujua, Lusaka naijua. Livingstone sikuwahi kufika, biashara yangu inaishia kabla. Mambo yalipokaa sawa kidogo nikasema basi, mwaka huu nampeleka Mama, na tukiwa kule apande na gari la kuona wanyama, apumzike kama watalii wengine. Amechoka yule mama. Amelea watu wengi.

Ndipo nikaja humu kuuliza msimu. Niliandika kwa mkato: "Safari Zambia, mwezi gani?" Neno safari mnalijua, kila mtu aliwaza tembo na simba. Mkaniambia Septemba, Oktoba mwanzoni. Habari ya maji sikuigusa, na nyie si waganga wa kujua la moyoni mwangu.

Hapo ndipo akili yangu ilipoanza kufanya kazi, na akili ni nywele, zangu siku ile zilikuwa kipara.

Nikawaza hivi. Wanyama wanataka kiangazi. Maporomoko yanataka mvua. Na mvua naijua mimi, mtu wa Likasi. Zambezi inazaliwa huko juu, karibu kabisa na mpaka wetu. Mvua inayoanguka huku kwetu ni jirani ya ile inayoijaza. Kwa hiyo mvua ikishapiga Likasi vizuri, maporomoko yamejaa, ina maana gani kumuuliza mtu? Nikachagua mwisho wa Novemba, katikati ya msimu na msimu. Nikajiambia wanyama watakuwa hawajaondoka na maji yatakuwa yamefika. Na bei za msimu ule zilikuwa zimeshuka, nikajiona mjanja mara mbili.

Novemba ile ilinyesha, jamani. Maji yanashuka mtaani mekundu. Vijana wanaochimba madini Kamatanda wanarudi na tope mpaka magotini. Sokoni uyoga umejaa. Kila radi ikipiga namwambia Mama, "Unasikia? Mayi ya baba njo ile inaenda."

Mama akapanga begi. Akavaa kitenge ambacho Baba alimletea kutoka Livingstone, kile ambacho hakuwahi kukivaa Baba akiwa hai. Na ndani ya begi akaweka blauzi kavu kwenye mfuko wa plastiki. Nilimuuliza ya nini. Akasema, "Ya kubadirisha, nikishalowa."

Wakuu, hiyo blauzi naiona mpaka leo.

Safari ya basi ilikuwa ndefu, miguu yake ikavimba, hakulalamika. Siku ya kwanza tukaenda hifadhini na gari la wazi. Majani yameshachipua, kila mahali kijani, na wanyama wakipata maji porini hawana shida ya kuja kujionyesha kwa watu. Tuliona ngiri na swala. Twiga mmoja alitupa mgongo. Dereva wa gari, kijana mpole anayejua Kibemba, akamwambia Mama kwa lugha hiyo, ambayo Mama anaielewa vizuri, kwamba wiki chache nyuma tembo walikuwa wanapita pale pale.

Mama akamwambia haidhuru, yeye amekuja kwa ajili ya maji. Kijana akanitazama mimi. Mimi sikuelewa lile jicho.

Kesho yake tukaenda kwenye maporomoko.

Wakuu, kulikuwa na mawe.

Ukuta wa mawe meusi, mrefu, mkavu, unaenda na kwenda. Chini korongo. Mahali palipotakiwa kuwa na maji, upande huu wa Zambia, pamekauka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Mbali sana, upande wa Zimbabwe, kulikuwa na ukungu mweupe kidogo unapanda, lakini karatasi zetu hazikuruhusu kuvuka.

Nikamwonyesha ule ukungu. Nikasema, "Mama, ona kule."

Akatazama kwa muda. "Kule banachoma makala," akasema. Na kweli, kwa mtu wa kwetu moshi wa mbali ni wa mkaa.

Halafu, kama vile mbinguni kuna mtu ana kisasi na mimi, mvua ikaanza kunyesha. Mvua ya kawaida tu. Mama akafungua mwavuli wake, akanyoosha kiganja nje, akakitazama kinavyolowa.

"Hii inatoka juu," akasema. "Sawa na ya Likasi."

Kumbe mvua ikianguka huku juu, yale maji hayaendi mbio. Yanaingia kwenye mabonde mapana, yanajimwaga, yanakaa humo miezi, ndipo yanashuka. Novemba ndiyo yamepungua kuliko wakati wote. Yanajaa Machi, Aprili, Mei, wakati kwetu mvua inakwisha. Mtu wa pale getini alitueleza, akatuonyesha na picha iliyobandikwa ukutani, maji meupe yamefunika kila kitu. Mama alisikiliza mpaka mwisho kwa heshima, akamshukuru. Tulipotoka akaniambia, "Picha ni picha. Minye nilikuja kuona na macho, na macho imeona majibwe."

Akiwa amekaa kwenye basi aliongeza neno moja tu: "Basi."

Blauzi ilirudi kavu kwenye mfuko wake.

Nyumbani aliishusha picha ya Baba, ile aliyosimama na lori, akaiweka kabatini chini ya mashuka. Hakulia mbele yetu. Misa ya kumwombea Baba, ambayo hajawahi kuikosa, safari hii alisema miguu inamuuma. Kisha akamwita mdogo wake wa Kapolowe, akamwambia akifa wamzike kule misioni na watu wake. Mjomba akauliza, na ile nafasi ya pembeni ya bwana? Mama akasema, "Bamupatie bibi ya Livingstone."

Nilikaa nje kama mtu aliyepigwa. Baba wa watu amelala chini hawezi kujitetea, na mwanawe ndiye aliyempelekea shahidi wa uongo.

Aprili ikafika. Nikamwomba Mama twende tena. Daktari alikuwa ameshamkataza safari ndefu kwa sababu ya miguu na presha, na hata bila daktari, mwenyewe alisema haendi kuona mawe mara mbili.

Nikaenda peke yangu.

Nilisikia mngurumo kabla sijaona chochote. Anga safi, jua kali, sikuona wingu hata moja. Nikatembea njia ile ile tuliyotembea na Mama, na kabla sijafika ukingoni nikapigwa maji kidevuni. Kidevuni, wakuu. Yalitoka chini. Yanapanda korongoni kama yamerushwa, yanakuingia puani, yanakulowesha kwapa. Ule ukuta wa mawe sikuuona kabisa, umefunikwa wote.

Nilisimama pale nikasema kwa sauti, "Baba, iko kweli." Hakuna aliyenisikia, kelele za maji zilikuwa nyingi.

Nililia sana. Sioni aibu kusema.

Nikavua shati. Nikalitia kwenye mfuko wa plastiki, nikaufunga barabara. Video nilichukua pia, lakini kichwani nilijua atanijibu picha ni picha. Shati ndilo litakalosema. Nilisafiri nalo siku zote zile nimelikumbatia kama mtoto mgonjwa.

Nilimkuta Mama barazani anachambua maharagwe. Nikapiga magoti. Nikafungua mfuko, nikamwambia, "Mama, shika. Njo ile mayi. Haiko bongo."

Akalitoa. Akalikamua kidogo, yakadondoka matone machache. Akalinusa, lilikuwa limeshashika uvundo. Akanitazama muda mrefu, na sijawahi kuona macho yenye huruma namna ile. Nilidhani nimeshinda.

"Papa," akaniambia, hivyo ndivyo anavyoniita, kwa kuwa nimebeba jina la baba yake mzazi. "Baba yako naye alikuwaka analeta shati ya mayi. Ilikuwaka inanuka vile vile."

Akainuka, akalipeleka kwenye beseni, akalifua.

Nikabaki pale chini na magoti yangu, nimeelewa kwamba kwake shati bichi halijawahi kuthibitisha maji. Na hapo, wakuu, ndipo likanijia jambo ambalo halijaniacha mpaka leo. Maji ni ya kweli, nimeyaona. Lakini la yule mwanamke, mimi sijui. Baba alifunga mambo mawili kwa kamba moja, sisi tukakubali, na sasa siwezi kulifungua fundo hilo kwa ajili yake wala kwa ajili ya Mama.

Funzo? Mtaka yote hukosa yote, hilo mnalijua. La kwangu ni hili: mkiuliza msimu mzuri, semeni kwanza mzuri kwa ajili ya nini. Wanyama wana msimu wao, maji yana wake. Msipime mto wa mbali kwa mvua inayopiga bati lenu. Na kama mnampeleka mtu mzima aliyesubiri maisha yake yote, ulizeni mara mbili, kwa sababu wengine hawana safari ya pili.

Karibuni mnisute, mnishauri, mnipe pole, vyote nitapokea. Aliyewahi kumrudisha mama yake kutoka mahali kama hapa anieleze alifanyaje.

Ile nafasi pembeni ya Baba bado ipo. Juzi nimeenda kuipalilia, na sijui nampalilia nani.