Tulichagua redio ya dharura kwa kuijaribu na flash, nusura shemeji aingie ziwani kwenye dhoruba

Wakuu, salaam kwenu, na shikamoo kwa wanaostahili.

Mimi ni mama wa familia, tunaishi Nansio, Ukerewe. Haya yametokea nyumbani kwangu na sijatia chumvi. Naandika kwa sababu humu watu wanauliza redio gani inafaa umeme ukikatika, na mnawajibu kwa picha za redio zenye taa za disko.

Taa hizo ndizo zilizotuponza.

Huku kisiwani umeme ukienda, mara nyingi mtandao wa simu nao unafuata. Inabaki stesheni moja ya redio ya Mwanza mjini. Kila jioni inasoma matangazo, vifo kwanza, halafu taarifa za wasafiri. Mtu akikwama mjini anapita studio anaacha ujumbe, nyumbani wanausikia.

Sasa mume wangu, Magesa, tulienda naye Mwanza kununua redio ya dharura. Muuzaji akachomeka flash, muziki ukapiga mpaka vioo vya kabati vikatetemeka. Juu ina kisola kidogo kama biskuti.

Nikauliza, "Stesheni inashika?"

Wakanicheka wote wawili. Magesa akasema, "Mama Neema, kuna redio isiyoshika stesheni?"

Ipo wakuu. Tulipofika Nansio ikawa inakwaruza tu. Mwenzangu akasingizia hali ya hewa, akaendelea kula muziki wa flash.

Haikupita muda, Magesa akaenda Mwanza kuchukua mzigo wa duka, arudi na boti ya mchana. Mchana huohuo upepo mkali ukavuma. Bati za jirani zikang'oka. Umeme ukaenda, mtandao ukaenda. Boti haikuonekana.

Mdogo wake Magesa anaitwa Masatu, ni mvuvi. Akaingia kwangu amelowa chapachapa.

"Shemeji, kaka yuko majini. Nawasha injini namfuata."

Ziwa lilikuwa jeupe kwa mawimbi. Mtumbwi wake naujua, hata siku tulivu unaingiza maji. Nikaona nikimwacha aende naweza kuwapoteza wote wawili siku moja. Nikamsihi asubiri matangazo ya jioni, ndugu yake asipotajwa ndipo aende. Akatoka kuelekea mwaloni, kule mitumbwi inakoegeshwa, kutafuta mafuta na wenzake wa kwenda nao.

Nikawasha redio yetu. Taa zikacheza zote, rangi zote, stesheni hakuna. Baada ya kuhangaika na antena ikazima kabisa. Kumbe chaji yake ni ya umeme wa ukutani, kile kisola ni pambo. Niliitukana kwa sauti, Mungu anisamehe.

(Atakayeniuliza kuhusu redio ya simu: yangu ilishazima, na ya Masatu inataka bando.)

Nikakimbilia kwa Mama Kulwa, jirani yangu muuza dagaa. Ana kiredio cha betri mbili kubwa za tochi, kimefungwa mpira wa baiskeli kisifunguke. Betri zenyewe zilikuwa zimekwisha. Mnajua tunavyofanya, tunazianika juani zipate nguvu kidogo. Siku hiyo jua liko wapi? Akaziweka pembeni ya mafiga. Msiige, zinaweza kupasuka, lakini sisi tulikuwa hatuna namna.

"Tusiwashe sasa," akaniambia. "Zitakufa kabla hawajaanza kusoma."

Tukakaa tunaangalia saa ya ukutani. Kila injini niliyoisikia nilidhani ni ya Masatu.

Muda ulipofika tukawasha. Sauti ikatoka nyembamba, lakini safi.

Vifo kwanza. Mtangazaji anasoma taratibu, marehemu, watoto, wajukuu, wakwe mpaka wa mikoani. Jamani, sijawahi kuwachukia wafiwa kama siku ile. Sauti ikaanza kufifia. Tukabandika masikio kwenye spika, shavu kwa shavu.

Ndipo nikasikia: "Magesa anaijulisha familia yake, Nansio, kwamba hakupanda boti..."

Ikakata hapohapo.

Sikusubiri. Nilikimbia peku mpaka mwaloni. Masatu alikuwa ndani ya maji mpaka kiunoni, anasukuma mtumbwi na wenzake wawili wameshapanda. Nikapiga kelele, upepo ukazibeba. Nikaingia majini na kitenge changu, nikashika ukingo wa mtumbwi.

"Hakupanda! Wametangaza hakupanda boti!"

"Umesikia wewe mwenyewe?"

"Kwa masikio yangu!"

Akaachia mtumbwi. Akatoka, akakaa kwenye matope, akalia. Na mimi nikalia pale pale.

Magesa alirudi kesho yake ziwa lilipotulia. Nilipomsimulia aliichomoa ile flash mwenyewe, na yule bwana kwa kubisha namjua.

Kwa hiyo wakuu, mkienda dukani mwambieni muuzaji achomoe flash. Tafuteni stesheni iliyo mbali, tena mkiwa ndani ya duka, siyo barabarani. Ulizeni inakula betri za kununua au inategemea ukuta. Sola iwe paneli ya kweli ya kuanika nje. Kama ina mkono wa kuzungusha, zungusheni palepale muone inaongea kwa muda gani. Na betri mpya ziwekwe kando, watoto wasizitie kwenye tochi.

Mwenye redio ya kuzungusha aliyekaa nayo muda mrefu atuambie, mkono wake unadumu au unakatika? Na wa visiwa vingine, nyie mnatumia nini?

Masatu yuko hapa pembeni anasoma begani kwangu. Anasema nimezidisha, maji hayakumfika kiunoni. Namwacha abishe tu, nafurahi kumsikia.