Boti ya kwenda Sio Port nusura inikoseshe mke

Wakuu, heshima zenu. Haya yamenikuta mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi. Kucheka ruksa, matusi hapana.

Mimi Mtanzania, mtu wa Dodoma, nipo Busia upande wa Kenya, fundi friji. Maji mengi kwangu ni ya kwenye ndoo.

Juzi kazi ilinipeleka Majanji, upande wa Uganda. Siku hiyohiyo nilitakiwa Sio Port, kwa kina Nekesa, mchumba wangu, nikatambulishwe kwa mara ya kwanza. Alishanionya sana: kwao, Wasamia, mkwe hamgusi mama mkwe, hata mkono hampi. Ukiharibu hapo, unaweza kukosa mke hivihivi.

Wenyeji wakaniambia nisizunguke barabarani, boti ni fasta.

Kumbe boti zenyewe hazina gati. Ukingoni maji ni ya magotini, kwa hiyo kuna wanaume kazi yao ni kukubeba mgongoni mpaka ndani, wewe na viatu vyako. Na kitambi hiki nimening'inia mgongoni kwa mtu! Aibu niliyoiona, acha tu.

Ndani nilikaa na mama mmoja aliyekuwa anatoka msibani. Nikampa shikamoo, akafurahi kweli. Injini ikikohoa mimi naomba Mungu, yeye ananicheka.

Kufika Sio Port nikasema sibebwi tena. Nikakunja suruali, nikaruka, ikalowa vilevile. Wabebaji wote walikuwa na watu, yule mama akaniita:

"Kijana, wewe uko na nguvu. Si unibebe tu?"

Nikambeba wakuu, mpaka nchi kavu. Wauza omena, yaani dagaa, wakapiga makofi, nikajiona mwamba.

Jioni nimetulia sebuleni kwa kina Nekesa, naambiwa mama ndiyo anaingia.

Ni yeye.

Niliogopa jamani. Niliona kabisa harusi inaondoka. Mama akaganda mlangoni, akanitazama, kisha akamgeukia binti yake:

"Nekesa, ambia mgeni karibu. Na mimi leo sikupanda boti. Nilikuja na barabara."

Nikadakia: "Hata mimi, mama. Barabara."

Nekesa akabaki anaangalia suruali yangu ambayo bado imelowa.

Nilichojifunza: ukichumbia ugenini, omba picha ya mama mkwe kabla hujapanda chombo chochote.

Wajuzi wa mila za Wasamia, hapa kuna faini? Nimeshindwa kuuliza pale nyumbani, maana kwa mujibu wa mama hakuna kilichotokea.