Kanzu Niliyonunua kwa Ajili ya Joto

Mimi ndiye mwinjilisti aliyewachinjia Waislamu wa Likoni kuku wa posa. Nasema mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, kwa sababu kila mahali nilipolisimulia jambo hili pamekuwa na mtu aliyekwisha kulisikia likiwa limeongezwa chumvi, mara nimechinja ng'ombe, mara nimekimbizwa mpaka kivukoni. Sikukimbizwa. Ningekimbizwa ningeona nafuu.

Tulikuwa tumetoka Njombe, mimi na mke wangu Tumaini na binti yetu Neema, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anasimama kwa kushika ukuta. Ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni, na kanisa letu lilikuwa limetutuma Kenya, kusini mwa kivuko cha Mombasa, tukaanzishe kazi. Tulipoagwa kwetu kulikuwa na kwaya, machozi na mablanketi mawili ya zawadi (mablanketi, Likoni). Tulipofika hakukuwa na kwaya. Kulikuwa na chumba cha chekechea tulichoruhusiwa kukitumia Jumapili, waumini wachache ambao wote walikuwa watu wa bara waliokuja kutafuta kazi, maji ya kununua kwa mkokoteni, na joto. Neema hakulala, Tumaini akaugua malaria, akapona, akaugua tena, nami nilikuwa natembea mchana kutwa nimevaa suti nyeusi na tai, kwa kuwa hivyo ndivyo nilivyofundishwa mtumishi avae, mpaka mwili wote ukaota harara, vile vipele vya joto vinavyowasha kama umelalia upupu.

Aliyetushika mkono ni mmoja tu, Bi Mwanasha, mwenye nyumba wetu. Alikuwa mwanamke wa makamo, Mdigo, mfupi, mwenye sauti ya kuamuru. Ndiye aliyemfundisha Tumaini kukuna nazi bila kujikata, ndiye aliyekuwa akija asubuhi kumchukua Neema ili mama yake apate kulala kidogo, na ndiye aliyemwambia, "Mwanangu, huku hatuvai soksi." Tumaini alikwisha kuniambia waziwazi kwamba kama si yule mama, angekuwa amepanda basi zamani na mtoto wake, na mimi ningebaki na wito wangu. Hakuwa anatisha. Alikuwa amechoka, nami nilikuwa nimechoka vilevile.

Basi, kosa lilianza na nguo. Siku moja nikiwa natoka sokoni nikijikuna mgongo kwenye nguzo ya umeme kama mbuzi, mwenye duka la nguo akanihurumia akasema, "Ami, vaa kanzu, upate hewa." Nikanunua. Akanipa na kofia bure, ya kushonwa kwa mkono, yenye dosari kidogo pembeni. Kofia ningeweza kuikataa, lakini jua lilikuwa kali, nikaivaa. Jamani, ile raha. Upepo uliingia kwa chini ukatokea shingoni. Kwa mara ya kwanza tangu tuhamie nilitembea bila kumlaumu mtu.

Siku ya tatu ya kuivaa (Jumamosi, nakumbuka, kwa kuwa nilikuwa natafuta njia ya mkato kwenda kumwona mgonjwa wetu mmoja) nikapita nyuma ya nyumba yenye mkwaju mkubwa uani. Mama mmoja akanichungulia juu ya ua wa makuti, kisu mkononi.

"Ami, assalamu alaikum. Una haraka?"

Nikajibu salamu, maana ni salamu, na nikasema sina haraka.

"Basi nichinjie huyu, baba. Mume wangu kazini, na kijana aliyeniahidi amekwama ng'ambo. Nina wageni."

Sitasema sikujua. Nilijua nusu. Kijijini kwetu Waislamu walikuwa mwenye duka na mkewe, na nilijua kwamba yeye huchinja mwenyewe, ila sikuwahi kuuliza sana kwa nini. Nilichokuwa nakijua vizuri ni kwamba tangu tufike Likoni hakuna mtu, ukimtoa Bi Mwanasha, aliyewahi kuniomba kitu. Nilikuwa nikitembea na msaada wangu kama muuza maji asiye na mnunuzi. Sasa mtu ananiomba. Na kuku alikuwa mmoja tu. Nikasema moyoni, huyu mmoja, kisha niende zangu.

Nikaingia uani, nikaosha mikono, nikachutama. Yule mama akanishika mabega akanigeuza. "Elekea huku, ami." Nilidhani ananiondolea jua usoni, nikamshukuru.

Nikachinja. Kuchinja najua, nimekulia kwenye kuku. Nilipoinua uso nikaona anakokota tenga, lile kapu kubwa la kubebea kuku, na ndani yake wamejaa. Akasema, "Na hawa wenzake." Hapo ndipo pa kusema, mama, samahani, mimi ni mwinjilisti. Lakini hebu fikirieni wenyewe, mmoja amekwisha kulala pale chini anatapatapa, na huyu mama anakushukuru kwa maneno mazuri na kukuombea uzao mwema, utaanzia wapi? Nikachinja wa pili. Baada ya wa pili, wa tatu alikuwa rahisi. Nilimaliza tenga zima.

"Waitwa nani, mwanangu?"

"Yusufu," nikasema, na huo si uongo, ndilo jina nililobatizwa.

"Allah akubariki, Yusufu. Alasiri uje ule."

Nikasema nitajitahidi, nikiwa na nia kamili ya kutopita tena njia ile maisha yangu yote.

Nyumbani sikumkuta mtu. Nikaona kanzu imerukiwa damu pindoni, nikaivua, nikaifua, nikaianika, nikavaa suruali na shati. Nikakumbuka kwamba Bi Mwanasha alikuwa amemchukua Tumaini na mtoto, wapitie sokoni kwanza, kisha waende kusaidia kupika kwa mdogo wake wa kiume, Mzee Athumani, ambaye binti yake alikuwa anaposwa na watu wa Kisauni. Na mimi nilikuwa nimealikwa alasiri. Tumaini alikuwa ameisubiri siku ile wiki nzima. Kuitwa kupika pamoja na wanawake wa ukoo si jambo dogo. Aliniambia asubuhi huku akijifunga leso, "Leo sitakuwa mgeni."

Mwajua tayari. Mimi sikujua. Bi Mwanasha alinielekeza kwa njia ya mbele, ya barabarani, na nyumba kwa mbele ilikuwa imepakwa chokaa haifanani na ile ya asubuhi. Nilikaribishwa barazani, nikakaa kwenye mkeka pamoja na wanaume, wazee wa Kisauni upande mmoja, wenyeji upande wa pili, na katikati Maalim Shee, mzee mwembamba wa madrasa, mwenye sauti ya chini. Posa ilikuwa imekubaliwa. Watu walikuwa wameanza kunawa. Harufu ya pilau ilikuwa inatoka ndani, na ndipo nilipoinua macho nikaona, juu ya paa, kilele cha mkwaju.

Bi Mwanasha akatoka mlangoni amefurahi, akasimama akinionyesha kwa mkono. "Wageni wetu, huyu ni mpangaji wangu. Watoka Tanzania. Ni mwinjilisti wa kanisa, lakini mtu mwema." (Lile "lakini" nililisikia, nikalisamehe.)

Nyuma yake alikuwa mke wa Mzee Athumani, Bi Zuhura, amebeba sinia la kwanza la pilau. Akanitazama. Sinia likaanza kuinama.

"Mwinjilisti yupi?" akasema. "Huyu si Yusufu aliyetuchinjia kuku?"

Pale barazani kulikuwa na mzee aliyekuwa ananawishwa. Maji yakaendelea kumwagika juu ya mkono wake, na hakuna aliyeyazuia.

Kwenye upenyo wa pazia nikamwona Tumaini, na mwiko mkononi, mikono inang'aa mafuta. Alikuwa amewanyonyoa kuku wale tangu asubuhi, na walikuwa wamemsifu kwa kunyonyoa. Alinitazama tu kama mtu anayetazama mzigo wake ukidondoka kutoka juu ya basi.

Maalim Shee akajongea karibu yangu. Hakupandisha sauti hata mara moja.

"Bwana Yusufu, ulichinja wewe?"

"Mimi, maalim."

"Ulielekea wapi?"

"Alikonigeuza mama."

"Ukasema nini wakati wa kuchinja?"

Nikaona bora ukweli, ingawa ulikuja kwa kuchelewa. "Nilisali. Nilimshukuru Mungu kwa chakula na kwa nyumba hii."

"Kwa kila kuku?"

"Kwa wa kwanza. Waliobaki nikawaunganisha."

Kijana mmoja wa upande wa Kisauni akaziba mdomo kwa kofia yake. Mwenzake akamnong'oneza, kwa mnong'ono wa kusikika barabarani, "Kuku wamefanyiwa ibada ya jumla." Wakakemewa. Kisha wazee wakaanza. Mmoja akasema chakula cha watu wa Kitabu kimeruhusiwa, mwingine akasema kimeruhusiwa ndiyo, lakini si kwa namna hii, mtu kujifunika kanzu na kofia. Nikasema kwamba kanzu ilikuwa kwa ajili ya harara, na nikawa nimeanza kufungua kifungo cha shati niwaonyeshe vipele, Mzee Athumani akanishika mkono kwa upole akakirudisha kifungo mahali pake. Bi Zuhura alikuwa amekaa kizingitini, kanga usoni, anarudia, "Nimemwita mwenyewe. Wallahi nimemwita mwenyewe." Na mzee mkubwa wa Kisauni, ambaye njaa ilikuwa imemfika, akasema, "Sisi tumevuka kivuko kuja kuposa, hatukuja kutoa fatwa. Maalim, tuambie."

Maalim akasema wanaume waingie ndani wazungumze.

Mzee Athumani akanigeukia. "Bwana Yusufu, enda nyumbani na mkeo. Si kwa ubaya. Hili ni letu sasa."

Tukaondoka. Nilimbeba Neema, Tumaini akatangulia, na watu wa mtaa, ambao habari ilikuwa imewafikia sijui kwa njia gani, walikuwa wamesimama milangoni. Hakuna aliyetukana. Mama mmoja aliwaingiza kuku wake ndani, labda kwa kuwa jioni ilikuwa inakaribia.

Tulipofika nyumbani kanzu ilikuwa inapepea kwenye kamba, safi kabisa. Tumaini aliitazama.

"Nilikuwa na mtu mmoja hapa," akasema. "Mmoja tu, Yusufu."

Nikataka kuomba radhi, nikaona neno lenyewe ni dogo. Akaingia ndani akalivuta begi kutoka chini ya kitanda, akaliweka juu ya kitanda, akakaa kando yake. Hakulifungua. Nadhani hakuwa na nguvu za kukunja nguo. Tulikaa hivyo mpaka adhana ya magharibi ikapita.

Kisha tukasikia hodi, ile hodi ya kuamuru. Bi Mwanasha alikuwa amesimama mlangoni na sinia kichwani, limefunikwa kwa kawa.

"Mama Neema, nipokee, shingo yaniuma."

Tumaini akapokea. Bi Mwanasha akaketi kizingitini kama siku zote, akamchukua mtoto, akamtazama masikio kama yameoshwa. Akaliona begi kitandani. Akaniona mimi.

Tumaini akauliza polepole, "Wageni wameondoka salama?"

"Wameondoka."

"Na posa?"

"Posa imepita, alhamdulillahi. Wataoana."

"Na chakula, mama?"

"Chakula ndicho hicho," akasema, akaashiria sinia. Akainuka, akamkabidhi Neema kwa mama yake. Alipofika uani akageuka. "Baba Neema."

"Naam, mama."

"Siku nyingine ukiona kuku, pita upande wa pili wa barabara." Akaenda zake. Tumaini akacheka, kidogo sana, kicheko cha pua, lakini nilikuwa sijakisikia tangu tutoke Njombe. Begi likarudi chini ya kitanda.

Kanzu aliikata vipande akaifanya nepi, na ilikuwa kitambaa kizuri, ilimfaa mtoto mpaka alipoacha kuvaa nepi. Nami nikarudi kwenye suruali na harara zangu, na nikajiwekea sharti ambalo sijalivunja mpaka leo: mtu akiniomba lolote, hata kumshikia mzigo, kwanza namwambia mimi ni nani, ndipo nanyoosha mkono. Wengine huona najigamba.

Ila liko jambo moja. Tulipofunua lile sinia, lilikuwa limejaa pilau na kuku, vipande vingi kupita fungu la jirani, lakini kwa posa nzima visingetosha. Tulikaa Likoni miaka mingine mitatu. Bi Zuhura alinisalimia kila tulipokutana, Maalim Shee alikuwa akiniuliza hali ya harara, na binti wa posa akaolewa, akazaa, akamleta mtoto wake ili Tumaini amwone. Sikuthubutu kuuliza, na hakuna aliyetuambia, kama jioni ile tulipewa sehemu yetu ya chakula walichokula wote, au kama tulipewa chakula ambacho hakuna aliyekila.