Mkia wa Maiki ya Mama Trizah

Wanyonyi alikuwa fundi wa vyombo vya sauti, na kwa maneno yake mwenyewe, kutoka Karagita hadi Kabazi hapakuwa na harusi iliyowahi kusikika vizuri bila mkono wake. Tumwachie hilo. Mtu mwenye miguu ya korongo namna ile lazima awe na kitu cha kujivunia.

Lakini siku hiyo alikuja kuokoa ndoa yake. Mahari ya Trizah, mchumba wake, ilishapokelewa. Kilichobaki ni mamake Trizah kutaja tarehe ya harusi, naye alikuwa amekataa katakata. Alisema hawezi kumkabidhi binti yake kwa mtu anayelishwa na kelele. Sasa mama huyo alikuwa amestaafu kutoka kiwanda cha mablanketi, akaita watu nyumbani kwake hapa Nakuru, karibu na reli, wamshukuru Mungu pamoja. Trizah akamnong'onezea Wanyonyi kwamba leo mama akisikika mpaka kwa jirani wa mwisho, tarehe itatajwa. Asiposikika, ajipange.

Wanyonyi akaleta spika mbili kubwa kama kabati na maiki mpya isiyo na waya. Risiva, kile kisanduku kinachonasa sauti ya maiki kutoka hewani, akaiweka mezani, antena zimesimama kama masikio ya punda. Akajaribu: moja, mbili. Mbwa wa mtaa wa pili wakajibu.

Kipkemei, aliyekuwa MC, akakaribisha wageni hemani na sauti ikatiririka. Pasta akaomba, hata kikohozi chake kilisikika kitamu. Kisha Mama Trizah akasimama, akarekebisha kitambaa kichwani, akapokea maiki.

"Wapendwa, mimi leo..."

Kh-kh-kh. Kimya.

Wanyonyi akaruka kama aliyekalia siafu. Akabadilisha betri. Kipkemei akajaribu, safi. Mama akachukua, kimya. Wanyonyi akabadilisha chaneli, akidhani kanisa la ng'ambo ya reli limeingilia masafa yake. Kipkemei, safi. Mama, kimya. Akaiondoa risiva mezani kwa sababu sufuria za pilau zilikuwa zimeikinga, akaipandisha juu ya kreti za soda. Ni yale yale.

Wageni nao wakaanza. Mmoja akasema maiki hiyo ina adabu, inaogopa wakwe. Shangazi mmoja akasema, bila kujificha, kwamba kijana amemfunga mama mdomo makusudi. Mama Trizah mwenyewe aliiangalia ile maiki vile alivyokuwa akiwaangalia waliochelewa zamu.

Ndipo Wanyonyi akafanya alichopaswa kufanya tangu mwanzo: akaacha kushikashika vitu, akatazama. Maiki ikiwa kwa Kipkemei, taa za kijani za risiva zilijaa. Ikiingia mkononi mwa mama, zinashuka zote, inabaki moja nyekundu. Akaibia jicho upande ule. Mama alikuwa ameikamata maiki mkiani kabisa, kwa ngumi, kama mwiko wa ugali wa wanakwaya. Na antena ya maiki hiyo iko hapo hapo mkiani. Mkono uliovuta mablanketi maisha yake yote ulikuwa umeifunika ikafunikika.

Dawa ni kumwambia ashike katikati. Sasa nani amwambie? Wanyonyi ni Mbukusu, na Mbukusu hamsogelei mama mkwe, hamgusi, hata kumkazia macho ni aibu, sembuse kumfundisha kushika kitu mbele ya watu.

"Si uende tu umwonyeshe, boss?" Kipkemei akamuuliza.

"Huyo ni mama mkwe wangu. Nenda wewe."

"Nimwambie mama wa watu hajui kushika maiki, kwa sherehe yake? Mimi nataka kula hapa leo."

Basi kichwa cha Wanyonyi kikazaa wazo, na ingekuwa heri kingebaki tasa. Akamtuma Kipkemei akamwambie mama kwamba mkia wa maiki unapitisha stima kidogo, asiuguse.

Mama aliposikia hivyo aliishika shingoni kwa vidole viwili, kama panya aliyekufa. Taa zikajaa. Sauti ikafika relini.

"Wapendwa, nimefanya kazi na mashine tangu usichana na hakuna iliyowahi kunipiga shoti. Leo nimestaafu, ndio huyu kijana ananiletea maiki ya stima. Anataka kunizika kwanza ndio aoe?"

Hema zima likalia kwa kicheko. Wanyonyi akajificha nyuma ya spika na kidole chake kikaenda chenyewe kwenye kitufe cha kupunguza sauti. Trizah, akiwa kule kwenye chakula, akatikisa kichwa: usithubutu. Wanyonyi akauondoa mkono. Mama akaisema ile miguu ya korongo, akaisema kazi ya kelele, kila herufi ikifika ilikotumwa, halafu akaelekeza macho kwenye ukuta wa mwisho wa ua.

"Wewe uliye kule kwa ukuta, unanisikia?"

Mzee wa kule ukutani akainua kofia.

"Kiwandani nilipiga kelele miaka yote, hakuna aliyenisikia. Basi harusi ni Desemba, Jumamosi ya pili. Kijana nimempokea. Lakini siku hiyo vyombo vitaletwa na mtu mwingine. Nataka kucheza, sitaki kurushwa na stima."

Vigelegele vikapanda. Nyuma ya spika, Wanyonyi alitamani kusema hakuna stima yoyote, lakini kusema hivyo ni kusema mkono wa mama ndio ulikuwa na makosa. Kisha akaanza kuwapitia akilini mafundi wote wa Nakuru, akimtafuta mmoja anayeweza kukabidhiwa harusi ya maana kama hiyo, na hakumpata.