Mzee Kitambaa na Ukungu Ndani ya Mtutu

Kumekucha, na walinzi wa zamu ya usiku wanajipanga mbele ya dirisha dogo lenye nondo, macho mekundu, buti zimejaa vumbi. Kila anayefika anaiweka bastola yake kaunta, mdomo ukielekea ukutani. Ndani, mwanamume mwenye mvi na aproni ya turubai anazipokea bila haraka.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Umeipiga?"

"Nimpige nani? Nimekaa nayo kiunoni tu."

"Hapo kiunoni ndipo inapochafukia. Kwa jasho lako lile!"

Foleni inacheka. Yeye hacheki. Anavuta kiti, anakaa kwa kuguna, na uchovu wake unaonekana hata kabla kazi haijaanza.

Katika kampuni hii ya ulinzi wanamwita Mzee Kitambaa, kwa sababu ya vipande vya pamba ambavyo mkewe humkatia kutoka kwenye mashati ya shule ya watoto wao, waliokwisha kuwa watu wazima. Kazi yake ni kusafisha silaha, na anachokiheshimu kuliko vyote ni mtutu, lile bomba ambamo risasi hupita.

Anachomoa magazini, anavuta chuma cha juu, anachungulia, kisha anaingiza kidole cha mwisho kuhakikisha hakuna risasi iliyobaki. "Macho yanaweza kunidanganya," anasema. "Kidole hakijawahi."

Mtutu ukishatoka, anaumiminia dawa ya masizi na kuuacha ulowe. Halafu inakuja brashi ya shaba. Anaanzia nyuma, kule risasi inakoingilia, na haigeuzi mpaka itokeze upande wa pili. Wengi huanzia mdomoni kwa kuwa ni rahisi, na hilo linamkera kweli.

"Ukiukwaruza mdomo, risasi inajiendea inakotaka. Ukigeuza brashi katikati, inanasa. Watu wanasugua kama wanapiga mswaki na basi linapiga honi nje!"

Vinafuata vitambaa, kimoja baada ya kingine kwenye ncha ya ufito, mpaka kitoke cheupe kama kilivyoingia. Tone la mafuta, kitambaa kikavu cha mwisho, kisha hatua asiyoiruka kamwe: anauinua mtutu dirishani na kuchungulia mwanga.

Hapo ndipo penye shida yake.

"Nina watoto watatu wa kuzaa na mmoja wa jicho," anasema. "Wale watatu niliwaweza. Huyu wa jicho kanishinda."

Mtoto wa jicho ametanda kwenye jicho lake la kulia, na la kushoto nalo limeanza kufuata. Daktari alimwambia upasuaji unawezekana, ila ingembidi akae nyumbani kwa muda. Akaahirisha, kisha akaahirisha tena. Mshahara wake huisha kabla ya mwezi, lakini kinachomnyima usingizi hasa ni kiti.

"Kiti cha hapa hakikai kitupu. Unarudi, unakuta mwenzio kashakikalia, na kimemkaa."

Kwa hiyo alijizoesha. Kila alipochungulia aliona ukungu, akajiambia kwamba ukungu ule ni wake, si wa mtutu.

Kitinda mimba wake ni mlinzi katika kampuni hiyohiyo. Walikubaliana kwamba kazini amwite Fundi kama wengine, watu wasije wakasema kuna bastola za ndugu na bastola za wengine. Wiki aliyoajiriwa, baba alimfundisha jambo moja: asipokee silaha kabla ya kuomba mtutu wenyewe na kuuinua kwenye mwanga. Wenzake walimwona msumbufu, lakini hakuacha.

Mwezi uliopita aliuinua, akaugeuza, akauinua tena. Nyuma yake foleni ikaanza kunung'unika. Akainama karibu na nondo.

"Baba," alisema taratibu, "sioni mwanga."

Hakusema Fundi.

Mzee aliingiza ufito na kusukuma. Kikatoka kitambaa cheupe, safi kabisa, kilichochomoka kwenye ufito na kubaki ndani bila yeye kujua. Asubuhi ile alikuwa ameuona ukungu kama kawaida, akaamini ni jicho lake. Kama binti yake angeifyatua bastola ile, mtutu ungeweza kumpasukia mkononi.

"Mkono ule," anasema mzee, "niliushika mimi ukijifunza kushika kijiko."

Binti hakumwambia mtu. "Ningesemaje? Nimchongee baba yangu?" anauliza, akilegeza kamba za buti kwenye kizingiti cha nyumba yao. "Lakini sasa nikimwona mwenzangu anapokea yake bila kuangalia, natamani nimnyang'anye niiangalie mimi. Nilimwambia, Baba, mimi naangalia. Hawa wengine je?"

Baba alimwambia mwandishi wa makala haya aandike yote, ila kwa sharti moja.

"Usichape kwanza. Bosi asije akayasoma kwako kabla hajayasikia kwangu."

Kila alipopigiwa simu, alikuwa na sababu. Leo bosi ana wageni. Leo bosi hana uso mzuri. Uso mzuri wa bosi ulisubiriwa sana, na inaumiza kumsikia mtu mzima akiuogopa mlango. Kisha akapiga mwenyewe.

"Nimeingia. Nimesema. Chapa."

Alinyang'anywa ufunguo wa chumba cha silaha siku hiyohiyo. Ameruhusiwa kwenda kutibiwa, lakini kuhusu kiti hakuahidiwa chochote. Aliomba kitu kimoja tu, akapewa: kila mlinzi auinue mtutu wake mwenyewe kabla ya kupokea silaha. Foleni imerefuka na walinzi wanalalamika. Nyuma ya nondo, pale mwandishi alipomkuta, sasa anakaa fundi mwingine.

Upasuaji ni wiki ijayo. Wakimfungua bandeji, mpango wake ni kwenda dirishani kama mlinzi yeyote, apange foleni na binti yake, na aombe kuuchungulia mtutu wa bastola ileile.

"Nikiuona mwanga, nadai kiti changu."

Na asipouona?

Anayafikicha macho yake kwa kiganja ambacho bado kinanuka mafuta ya bunduki.

"Yeye atakuwa hapo nyuma yangu," anasema. "Ataniambia."