Siku shingo yangu ilipomtazama Papa Sangwa

Haya, munacheka na hata sijaanza, najua. Kalemie nzima ilicheka, muache na mimi nicheke kidogo, maana mwenyewe nilichelewa kucheka. Ni aibu yangu, niliipata mchana kweupe, mbele ya bendera, mbele ya Komisere wa zone, mukubwa wa serikali pale kwetu, na mbele ya shangazi wa mwanaume aliyetaka kunioa.

Wakati ule, miaka ya Zaire, nilikuwa dactylo, mupiga chapa, katika biro moja karibu na bandari, tukiandika karatasi za mizigo inayokwenda Kigoma na inayotoka. Siku moja treni ikatuletea kompyuta. Ya kwanza kuonekana pale kwetu! Shefu wetu, Papa Mulongo, aliipokea kama mugeni, akaitafutia meza nzuri yenye kitambaa cha kufuma, akaiweka upande wa dirisha, kushoto kwangu, kwa sababu kuranti ya umeme ilikuwa upande ule. Ule ubao wa herufi wenyewe ulikuwa na waya mrefu, basi nikauweka kwenye meza yangu ya zamani, mbele yangu. Papa Mulongo akaniambia, "Feza, geuza kiti uangalie mashini vizuri." Nikasema hapana Papa, niko sawa hivi. (Sababu ya kweli? Nikigeuza kiti nitaupa mulango mugongo, na watu walikuwa wanaingia kutwa kuja kuona hiyo mashini, na mimi nilitaka wakiingia wanione uso. Ndiyo. Mulitaka kujua, njo hiyo.)

Basi vidole mbele, uso kushoto, asubuhi mpaka jioni. Wiki hazikupita nyingi, shingo ikaanza kuuma, kwanza kama kamba inayovutwa taratibu, halafu bega, halafu kichwa chote. Na mimi ni muntu wa kuuliza, siwezi kuumwa bila kujua naumwa nini. Mama yangu akasema ni upepo wa ziwa, nikafunga kikwembe shingoni katika joto lile mpaka nikatoka vipele. Jirani akasema ni mto wa kulalia, nikalala bila mto. Mwenzangu wa biro akaapa kwamba mwanga wa kile kioo unavuta kichwa cha muntu polepole kama sumaku, nikabandika karatasi ngumu nusu ya kioo, nikawa ninasoma nusu barua. Hakuna kilichosaidia. Kitu kimoja tu kilinishangaza: siku za kukatika kuranti, nikirudi kwenye mashini yangu ya zamani ya kupiga chapa, maumivu yalipungua. Nikajiambia, kumbe upepo wa ziwa unafuata kuranti? Nikawa ninachungulia dirishani kila taa zikizimika, nione kama mawimbi nayo yametulia. Akili hizo!

Sasa sikia. Komisere wa zone akatuma habari kwamba atakuja kuona mashini. Papa Mulongo alikuwa na woga, kwa sababu wakubwa wa Lubumbashi walishaanza kusema kwamba kitu cha namna ile hakifai kwa biro ndogo kama yetu, kirudi, na kama kinarudi, na mimi ninarudi nyumbani, maana sasa kazi yangu ilikuwa mashini hiyo. Na siku ileile, Kisimba, mchumba wangu, anayefanya kazi ya reli, alikuwa amemwita shangazi yake, Mama Kalunga, atoke Zongwe aje anione. Si kwa kunisalimia tu. Ni kwa kupima.

Asubuhi ya siku yenyewe nikainama kunawa uso, nikasikia *ka!* Shingo imekamata. Uso wangu umegeuka kushoto na haurudi. Ningesema ninaumwa, muntu gani angenilaumu? Lakini nilikuwa nimeshonewa kikwembe kipya, na wa kuongoza wanawake kwenye animasyon, zile nyimbo na michezo ya kusifu chama, ni mimi. Nikaenda.

Tukapangwa mbele ya biro, bendera mbele yetu, na upande wa kulia Kisimba na Mama Kalunga kati ya watu waliokuja kuona. Wote wanaiangalia bendera. Mimi ninamwangalia Papa Sangwa.

Papa Sangwa alikuwa mukubwa wa depo ya mizigo, mjane, muntu mupole, na njo alikuwa amesimama kushoto kwangu. Wimbo ukaanza, macho yangu kwake. Ubeti wa pili, macho yangu kwake. Nikamwona anajitazama viatu, anafunga kifungo cha juu cha abakosi yake, lile koti la wanaume wa siku zile, halafu, Mungu wangu, anatabasamu. Nikajaribu kugeuza mwili mzima ili uso uelekee bendera, lakini hapo tumbo langu likaelekea kulia, kwa Mama Kalunga, na nikawa nimesimama kama kaa. Nikarudi nilivyokuwa. Nikasikia sauti ya Mama Kalunga, na ile si sauti ya kunong'ona:

"Kisimba, huyu bibi yako mbona anakula baba ya watu na macho? Tena mbele ya bendera!"

Kisimba akakaza macho kwenye bendera.

Halafu ngoma. Nilikuwa mbele, nikacheza na kichwa kimelala kushoto, ningefanya nini, na wanawake nyuma yangu wakafikiri ni mtindo mupya, wote wakageuza vichwa kushoto! Safu nzima ikacheza ikimwangalia Papa Sangwa, naye akaanza kutoka jasho, akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mugongo ukagusa ukuta.

Komisere alipiga makofi. Tukaingia ndani, watu wakajaa mulangoni na madirishani. Nikakaa, vidole mbele, uso kushoto, na hapo nikawa muntu mzima kabisa! Nikaandika jina lake likatokea kwenye kioo, watu wakasema eeeh. Komisere akafurahi, akaniita sitwayeni, raia, kama tulivyoitana wote wakati ule: "Sasa sitwayeni, geuka kwetu tukuone."

Sikuweza. Nikashika kiti na mikono miwili, nikakiburuza na mimi juu yake, kikalia sakafuni *kwiiii*, mpaka uso ukawafikia. Muntu mmoja dirishani akacheka, halafu wote.

"Una shida gani?" Komisere akauliza.

"Ni shingo, Sitwayeni Komisere," nikasema, na machozi yakanitoka. "Imekamata."

Nikageuza kiti kuwaficha uso, na mashini ikawa mbele ya macho yangu tena, kushoto, mahali pake. Shingo ikatulia. Nikasimama kujaribu kuangalia mbele, ikauma. Nikakaa, macho kwenye mashini, ikatulia. Nikasimama tena. Nikasahau kwamba kuna watu. Nikainyooshea mashini kidole, nikasema kwa sauti kubwa:

"Kumbe ni weye!"

Papa Mulongo akashika kichwa. Lakini mimi nilishakuwa nataka kujua mpaka mwisho. Nikamwambia, "Papa, shika huku, tuivute." Na kwa mshangao tu, akashika. Tukaivuta ile meza mpaka mbele yangu, Komisere mwenyewe akainua waya ili muntu asiukanyage. Kioo kikawa chini sana, nikainamisha kichwa, ikauma. Tukaweka sanduku tupu la sabuni chini yake mpaka kikafika usawa wa macho. Nikashusha mabega, uso bado kushoto kidogo, lakini ile kamba ya shingoni ikaanza kulegea. Aah. Komisere akacheka, akasema yeye pia jioni shingo yake inauma, atakwenda kuangalia meza yake. Mashini haikurudi Lubumbashi.

Mama Kalunga alikuwa ameyaona yote kutoka dirishani. Akapita katikati ya watu, akanishika bega, akasema, "Mwanangu, usiilazimishe," na nyumbani akanikanda na kitambaa cha maji ya moto na mawese kidogo, polepole, siku baada ya siku, mpaka uso ukarudi mahali pake. Tangu hapo niliandika kidogo nikasimama, nikatembea mpaka mulangoni, nikaangalia mbali ziwani, nikarudi. Na Kisimba tulioana.

Alibaki Papa Sangwa. Nilikwenda depo kumwomba msamaha, nikamweleza mashini, meza, shingo, yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, na niliona kwamba kile kifungo cha juu bado alikuwa anakifunga.

"Kwa hiyo ilikuwa shingo," akasema.

"Ilikuwa shingo, Papa."

Akakigusa kile kifungo. "Miaka mingi hakuna muntu aliniangalia namna ile," akasema. "Bon. Upone vizuri, mama."

Nilitoka pale bila cheko. Ndiyo maana ninawaambia: mwili ukiuma, useme mapema, uache kazi kidogo, uulize. Mimi nimeapa, sitaufunga tena na kikwembe kipya kuupeleka mbele za watu, kwa sababu aibu yangu ilipona, lakini yule baba, sijui.