Nilibonyeza Put Nikidhani ni Kuweka

Nilichukua pesa ya mbolea ya mama nikaitia kwa kampuni ya Amerika ambayo siwezi hata kukuonyesha iko upande gani wa ramani. Naisema mapema, usije ukaniheshimu bure.

Mama alinitumia hiyo pesa kwa simu akiwa kibandani kwake mtaani Tuwan. Ninunue mbolea, niipakie kwa gari la Bumula, kukhu aipokee huko kijijini. Kukhu ni nyanya yangu. Mvua ilikuwa imeanza, ng'ombe wa kukodi wameshalima, shamba liko wazi.

Lakini mimi nina akili nyingi. Likizo nzima nilishinda kwa binamu yangu anayetengeneza laptopu hapa Kitale, nikagundua kitu. Zamani karibu zote zilikuwa na kibandiko cha kampuni moja ya chipu, kile kidude kinachoendesha kompyuta. Siku hizi mezani pake unaona kibandiko cha wale washindani wao. Hawa wanakula soko, nikajiambia. Na wiki hiyo walikuwa wanatangaza mauzo. Bei ya hisa lazima ipande.

Binamu alikuwa na akaunti ya opsheni. Huko hununui hisa yenyewe. Unalipia haki ya kuinunua au kuiuza kwa bei fulani, na hiyo haki ina siku yake ya kufa. Ukikisia vibaya, siku ikifika unabaki na hewa.

"Wewe ni mkulima ama bilionea?" akacheka, akaniwekea akaunti hiyo kwa simu yangu.

Vitufe vilikuwa viwili: Kol na Put. Sasa mimi kwa Kiingereza hunishindi, bana. Put ni weka. Na huku kwetu mtu akibeti mpira si anasema "nimeweka"? Nikaweka yote.

Soko la Amerika hufunguka jioni yetu. Kampuni ikatangaza kwamba chipu zake za laptopu zimeuzwa sana. Bei ikaruka. Nikacheza densi jikoni na mwiko mkononi, halafu nikafungua akaunti. Pesa yangu ilikuwa nyekundu, karibu yote imeenda.

Nikampigia binamu.

"Put ni ya mtu anaombea bei ianguke. Ya kupanda ni kol," akasema. Huyu mtu hucheka hata matangani, lakini hapo hakucheka.

"Si nirudishe basi?"

"Umrudishie nani? Hapo hakuna kaunta."

Nilikuwa nimekisia sawa, na bado nimeliwa. Sufuria ikaungua nikiitazama tu. Mama akaingia, akavua gambuti mlangoni.

"Mborea imefika Bumura?"

"Iko njiani."

Hapo hapo simu yake ikalia. Alikuwa kukhu. Nilisikia sauti yake hadi nilipokaa: gari limefika, limeshusha watu, limeshusha kuku, mbolea hakuna, na mahindi ya jirani yameshaingia udongoni. Mama alinitazama bila kukata simu. Nilijaribu kutafuta mzaha, hata mmoja, sikupata. Nikasema yote, kibandiko, chipu, kol, put, huku kukhu akisikia.

Mama hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alizima jiko, akaweka simu katikati ya meza, akasema:

"Haya, mwambie kukhu yako mwaka huu atakura chipu gani."